Urafiki wa binadamu na joka katika hadithi za watoto

Hadithi za urafiki wa binadamu na joka ni aina ya hadithi za kubuni za watoto na vijana ambamo mhusika mkuu, kwa kawaida mtoto au kijana, anakutana na joka na kujenga naye urafiki badala ya kumuua au kumkimbia. Ni tawi la fantasia ya kusisimua. Ndani yake kuna safari, hatari, visiwa na milima isiyojulikana, na mara nyingi vita. Hata hivyo kiini chake ni uhusiano wa viumbe wawili ambao kila mmoja amefundishwa kumwogopa mwenzake.

Aina hii ni changa ikilinganishwa na umri wa majoka wenyewe katika masimulizi. Kwa karne nyingi joka wa Ulaya alikuwa adui wa kuuawa tu. Mabadiliko yalianza kuonekana mwishoni mwa karne ya 19 nchini Uingereza, yakaenea katika karne ya 20, na mwanzoni mwa karne ya 21 joka rafiki akawa mhusika wa kawaida katika vitabu na filamu za watoto. Miongoni mwa waandishi wanaojulikana zaidi katika aina hii ni Kenneth Grahame, Ruth Stiles Gannett, Michael Ende, Cornelia Funke, Christopher Paolini na Cressida Cowell.

## Jina

Neno la Kiswahili *joka* ni ukubwa wa *nyoka*. Wingi wake ni *majoka*. Kwa asili lina maana ya nyoka mkubwa sana, na baadaye limetumika pia kumtaja kiumbe wa masimulizi ya Ulaya na Asia mwenye magamba, makucha na mara nyingi mabawa. Baadhi ya waandishi hutumia pia neno la mkopo *dragoni*.

Kisarufi neno hili lina njia mbili. Mtu anaweza kusema "joka lile limekuja", akifuata ngeli ya LI-YA ambayo hutumika kwa ukubwa, au "joka yule amekuja", akifuata ngeli ya A-WA ya viumbe hai. Njia ya kwanza inasisitiza ukubwa na kitisho. Ya pili inamtazama joka kama nafsi. Kwa kuwa makala hii inahusu majoka wenye majina, mawazo na huzuni zao, inatumia njia ya pili.

## Chimbuko: joka kama adui

Katika masimulizi ya kale ya Ulaya shujaa hupimwa kwa joka aliyemuua. Katika hadithi za watu wa Skandinavia, Sigurd anamuua Fafnir aliyelalia hazina ya dhahabu. Katika utenzi wa kale wa Kiingereza uitwao *Beowulf*, mfalme mzee anapambana na joka, anamshinda kwa msaada wa kijana mmoja, kisha anakufa kwa majeraha.

Simulizi lililoenea zaidi ni la Mtakatifu George. Lilipata umaarufu mkubwa kupitia mkusanyiko wa habari za watakatifu ulioandikwa na Jacobus de Voragine, mtawa wa Italia, katika karne ya 13. Kwa mujibu wa mkusanyiko huo, joka aliishi katika ziwa karibu na mji wa Silena nchini Libya. Wakazi walimpa kondoo, na kondoo walipopungua wakampa watoto wao kwa kura, mpaka kura ikamwangukia binti mfalme. George alimjeruhi joka, kisha akamwambia binti amvishe mshipi wake shingoni. Joka akamfuata mpaka mjini akiwa mpole kama mbwa. Ndipo George alipowaambia wakazi kwamba wakikubali ubatizo atamuua joka, nao wakakubali.

Habari hiyo ndogo ya mshipi ina uzito kwa historia ya aina hii. Ndani ya simulizi lenyewe la kuua joka kuna kipindi kifupi ambapo joka amekwisha kuwa mpole na anaongozwa na msichana. Kwa msimulizi wa karne ya 13 upole huo haukubadilisha hukumu. Waandishi wa watoto wa miaka 600 baadaye walianzia mahali hapohapo, yaani kwenye swali la kwa nini auawe ikiwa amekwisha tulia.

Huko Asia ya Mashariki hali ni tofauti. Joka wa Kichina, *long*, kwa kawaida hana mabawa, anahusishwa na mvua, mito na bahari, na alikuwa alama ya mfalme. Anaogopwa kwa sababu ana nguvu, lakini si mwovu kwa asili. Kwa hiyo katika masimulizi ya huko urafiki na joka haukuhitaji kuvunja mila kama ulivyohitaji Ulaya.

## Historia

### Grahame na Nesbit

Hadithi inayochukuliwa mara nyingi kuwa mwanzo wa joka rafiki ni *The Reluctant Dragon* (maana yake "Joka Asiyetaka Vita") ya Kenneth Grahame (1859–1932), mwandishi aliyezaliwa Edinburgh na kufanya kazi katika Benki ya Uingereza. Ilitoka mwaka 1898 ndani ya kitabu chake *Dream Days*. Miaka kumi baadaye Grahame alitoa *The Wind in the Willows*, kitabu kilichompa jina kubwa zaidi.

Katika hadithi hiyo mchungaji wa kondoo anarudi nyumbani akitetemeka kwa sababu ameona kitu cha kutisha pangoni. Mwanawe, mpenzi wa vitabu, anatambua kwamba ni joka, na anakwenda kumsalimu. Anamkuta ni mvivu, mwungwana, mpenda mashairi, asiye na haja ya kupigana na mtu. Shida inatoka kijijini. Wanakijiji wanataka pambano, na Mtakatifu George anapofika wanamsimulia maovu ambayo joka hakuyafanya. Mtoto anakwenda kwa George, anamweleza ukweli, kisha anawakutanisha wawili hao. Wanakubaliana kufanya pambano la maigizo: George atamchoma mkuki mahali pasipouma, joka ataanguka, na watu watapata tamasha lao. Hadithi inaishia kwa karamu.

Ucheshi wa hadithi umebeba jambo zito. Joka hana hatia, George si mkatili, lakini umati unataka damu, na mtu pekee anayeweza kuuambia ukweli upande wa pili ni mtoto. Jukumu hilo la mtoto kama mpatanishi limebaki katika karibu hadithi zote za aina hii.

Edith Nesbit (1858–1924), mwandishi mwingine wa Uingereza, aliandika hadithi kadhaa za majoka. Katika *The Last of the Dragons* ("Wa Mwisho Kati ya Majoka") binti mfalme hataki desturi ya kufungwa na kusubiri kuokolewa. Yeye na mwana mfalme wanakwenda kwa joka, wanamsemesha kwa upole, na kugundua kwamba hakuna aliyewahi kumtendea hivyo. Joka huyo anapenda petroli, na mwishoni anageuzwa kuwa eropleni. Nesbit aliandika wakati injini zilipokuwa zinaanza kuchukua nafasi ya farasi, na joka wake ni kiumbe wa kale anayetafuta mahali pa kuishi katika dunia mpya.

### Joka la Baba Yangu

Mwaka 1948 Ruth Stiles Gannett (1923–2024) wa Marekani alitoa *My Father's Dragon*, yaani "Joka la Baba Yangu". Michoro ilifanywa na mama yake wa kambo, Ruth Chrisman Gannett. Kitabu kilipata heshima ya Newbery mwaka 1949 na kilifuatwa na vingine viwili, *Elmer and the Dragon* (1950) na *The Dragons of Blueland* (1951).

Msimulizi anaeleza matukio ya utotoni mwa baba yake, Elmer Elevator. Elmer anamsaidia paka mzee wa mitaani, na paka anamsimulia habari za Kisiwa cha Mwituni. Huko joka mchanga alianguka kutoka kwenye wingu, akaumia bawa. Wanyama wa kisiwa wakamfunga kamba na kumfanya kivuko cha kuwavusha mto, siku zote, bila malipo wala pumziko. Elmer anajificha ndani ya meli na kwenda kumwokoa.

Elmer hana upanga. Mfuko wake una chingamu, pipi za kijiti, mipira ya kufungia, mswaki, kitana, tepe za nywele, vioo vya kukuzia na kisu cha kukunja. Kila mnyama mkali anayekutana naye ana shida yake, na Elmer anaitatua. Simba anachukizwa na manyoya yake yaliyosokotana. Anapewa kitana na tepe. Faru ana huzuni kwa sababu pembe yake si nyeupe tena; anapewa mswaki. Mamba wanapangwa mstari mmoja, kila mmoja akilamba pipi iliyofungwa kwenye mkia wa mwenzake, na Elmer anavuka mto juu ya migongo yao.

Kitabu hiki ni chepesi kusomwa na watoto wadogo, lakini hoja yake iko wazi. Joka hapa ndiye mnyonge, na anayemtesa si zimwi bali jumuiya ya kawaida iliyozoea kunufaika na kazi yake. Urafiki unaanza kwa kukata kamba.

### Ende

Mjerumani Michael Ende (1929–1995) aligusa suala hili mara mbili. Katika vitabu vyake vya Jim Knopf, ambavyo cha kwanza kilitoka mwaka 1960, joka mkali anayewafunga watoto anashindwa bila kuuawa, na kwa sababu hiyo anageuka kuwa joka wa dhahabu mwenye hekima. Wazo ni kwamba nguvu mbaya inaweza kubadilika kuwa maarifa ikiwa mshindi ataacha kuua. Katika *Die unendliche Geschichte* ("Hadithi Isiyo na Mwisho") ya mwaka 1979 yumo Fuchur, joka wa bahati, mweupe na asiye na mabawa, anayewabeba wavulana Atréju na Bastian. Umbo lake liko karibu na joka wa Asia kuliko wa Ulaya. Katika matoleo ya Kiingereza anaitwa Falkor.

### McCaffrey na Le Guin

Waandishi wawili wa Marekani, Anne McCaffrey (1926–2011) na Ursula K. Le Guin (1929–2018), walibadilisha aina hii hata kwa wasomaji wakubwa.

McCaffrey alianza mfululizo wa sayari ya Pern kwa kitabu *Dragonflight* cha mwaka 1968. Katika Pern, joka anapoanguliwa anamchagua kijana mmoja, na kuanzia dakika hiyo wawili hao wanasikiana mawazo maisha yao yote. Mwanadamu akifa, joka wake naye hufa. Joka akifa, mwanadamu hubaki amevunjika moyo. Kwa vijana McCaffrey aliandika *Dragonsong* (1976), kuhusu Menolly, msichana anayekatazwa na wazazi wake kupiga muziki. Anatoroka na kuishi pangoni na mijusi wa moto, ambao ni jamaa wadogo wa majoka.

Le Guin katika *A Wizard of Earthsea* (1968) alionyesha majoka wenye hekima na hatari, ambao hawafugwi na mtu. Katika *Tehanu* (1990) alisogea mbele zaidi: zamani binadamu na majoka walikuwa watu wa jamii moja, kisha wakaachana. Mhusika muhimu wa kitabu hicho ni mtoto wa kike aliyeteswa na kuunguzwa moto na watu wazima. Wakati wa hatari yeye ndiye anayeweza kumwita joka mkubwa Kalessin kwa jina, kwa sababu ni ndugu yake. Kwa Le Guin, mtoto aliyetupwa na binadamu anakuta ukoo wake kwa kiumbe ambaye binadamu wanamwogopa.

### Kuanzia miaka ya 1990

Mwaka 1997 Mjerumani Cornelia Funke alitoa *Drachenreiter* ("Mpanda Joka"). Majoka waliobaki wanaishi katika bonde ambalo binadamu wanataka kulifunika kwa maji. Joka kijana na Ben, mvulana yatima, wanatafuta Ukingo wa Mbingu, makao ya kale ya majoka katika milima ya Himalaya. Hapa adui si joka, bali upotevu wa makazi pamoja na kiumbe aliyetengenezwa na mwanadamu ili kuwawinda majoka.

Christopher Paolini, aliyezaliwa mwaka 1983, aliandika *Eragon* akiwa kijana. Familia yake ilikichapisha yenyewe mwaka 2002, na mwaka uliofuata kikatolewa na kampuni ya Knopf. Eragon, mvulana wa shambani, anaokota kitu anachodhani ni jiwe la buluu. Kumbe ni yai, nalo linamtoa joka jike Saphira. Wawili hao wanasemezana kwa mawazo. Upande wa pili yuko mfalme Galbatorix, ambaye baada ya joka wake wa kwanza kuuawa aliiba joka mwingine na kumlazimisha kwa uchawi. Hivyo riwaya inaweka uhusiano wa aina mbili sambamba, mmoja wa hiari na mwingine wa kulazimishwa.

Cressida Cowell wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1966, alitoa *How to Train Your Dragon* ("Jinsi ya Kumfunza Joka Wako") mwaka 2003. Mfululizo wake una vitabu 12, na cha mwisho kilitoka mwaka 2015. Visiwa vya vitabu hivyo vinatokana na likizo za utotoni mwa Cowell katika kisiwa kisicho na wakazi karibu na pwani ya magharibi ya Uskoti. Mhusika mkuu ni Hiccup, mtoto wa chifu wa kabila la Waviking, mwembamba na asiyependa ugomvi. Joka wake, Toothless ("Kibogoyo"), ni mdogo, mbishi na mchoyo. Mwongozo wa kabila kuhusu kufunza majoka una shauri moja tu, kwamba mtu apige kelele kwa sauti kubwa. Hiccup hana sauti hiyo, lakini anaijua lugha ya majoka, na kwa hiyo anazungumza nao.

Grace Lin, Mmarekani mwenye asili ya Taiwan, alitoa *Where the Mountain Meets the Moon* ("Mahali Mlima Unapokutana na Mwezi") mwaka 2009. Minli, msichana kutoka familia maskini, anasafiri kumwuliza Mzee wa Mwezi namna ya kubadilisha bahati ya wazazi wake. Njiani anamwokoa joka asiyeweza kuruka. Anapofika anaambiwa ana swali moja tu, naye analitumia kumwulizia rafiki yake. Kitabu kilipata heshima ya Newbery mwaka 2010.

## Muundo wa hadithi

Ingawa hadithi hizi zinatofautiana kwa nchi na lugha, hatua zifuatazo hujitokeza mara nyingi:

* Mtoto asiyetoshea. Mhusika mkuu ni yatima, maskini, dhaifu wa mwili au mwenye mapenzi ambayo jamii yake haiyathamini, kama vile vitabu au muziki. Hana cha kupoteza kwa kumsogelea kiumbe aliyekatazwa.
* Kukutana. Mara nyingi joka amejeruhiwa, amefungwa au bado ni mchanga. Mtoto ana nafasi ya kumdhuru na anaiacha.
* Siri. Urafiki unafichwa kwa muda, kwa sababu watu wazima wakiujua joka atauawa.
* Lugha. Wawili hao wanapata njia ya kuelewana, iwe kwa maneno, mawazo au ishara. Mtoto anagundua kwamba mengi aliyofundishwa kuhusu majoka si kweli.
* Kuruka. Mtoto anapanda mgongoni mwa joka na kuiona nchi yake kutoka juu. Ni furaha, lakini pia ni imani, kwa kuwa maisha yake yako mikononi mwa mwenzake.
* Kuchagua. Siri inafichuka. Mtoto analazimika kuchagua kati ya amri ya jamii yake na rafiki yake, au kutafuta njia ya kuwapatanisha.
* Kuagana. Hadithi nyingi huishia kwa joka kuondoka, kujificha au kurudi kwa jamaa zake.

Hatua ya mwisho ina kazi ya kisimulizi: inaeleza kwa nini leo hakuna joka anayeonekana. Lakini pia inalingana na maisha ya msomaji. Mtoto anakua, na baadhi ya marafiki wa utotoni hawasafiri naye. Wimbo wa *Puff, the Magic Dragon*, uliotolewa na kundi la Peter, Paul and Mary mwaka 1963, unahusu jambo hilo. Joka hazeeki, mvulana anakua na kuacha kuja, na joka anabaki peke yake.

## Urafiki au umiliki

Swali gumu katika aina hii ni kama kiumbe anayepandwa, anayefunzwa na kutumwa vitani anaweza kuitwa rafiki. Waandishi wamelijibu kwa namna tofauti.

Gannett analijibu mwanzoni kabisa, kwani joka wake alikuwa mtumwa, na Elmer anamwachia huru kabla ya kupanda mgongoni mwake. Hata hivyo Elmer alikwenda kisiwani akitamani kuruka, na paka alimwambia kwamba joka akiokolewa hatakosa kumbeba. Msaada na malipo vimechanganyika, kama inavyotokea katika urafiki wa watu.

Kwa McCaffrey joka ndiye anayechagua, si binadamu. Lakini hakuna mmoja kati yao anayeweza kujitoa baadaye, na majoka wa Pern kazi yao ni kupambana na vijidudu vinavyoanguka kutoka angani. Kwa Le Guin jibu ni kukataa kabisa: joka hafugwi, na akimbeba mtu ni kwa hiari yake.

Cowell ndiye aliyelifuatilia swali hili kwa muda mrefu zaidi. Kitabu chake cha kwanza kinaanza kwa ucheshi, watoto wa Kiviking wakitumwa kukamata majoka wachanga ili kutimiza mila. Kadiri vitabu vinavyoendelea, ucheshi unapungua na msomaji anaona kwamba majoka hao wametekwa. Katika vitabu vya mwisho majoka wanaasi, wakiongozwa na joka aliyewahi kufungwa minyororo na ambaye sasa anataka kuwaangamiza binadamu wote. Hasira yake ina sababu, na hapo ndipo ugumu ulipo. Hiccup hawezi kusema kwamba majoka wamekosea, wala hawezi kukubali watu wake waangamizwe. Urafiki wake na Kibogoyo, uliokuwa jambo la watoto wawili, unakuwa ushahidi pekee kwamba pande hizo mbili zinaweza kuishi bila minyororo.

## Filamu

Kampuni ya Walt Disney ilitoa filamu yenye jina la hadithi ya Grahame mwaka 1941. *Die unendliche Geschichte* ilifanywa filamu mwaka 1984 na mwongozaji Wolfgang Petersen, na *Eragon* mwaka 2006. *My Father's Dragon* ilitolewa kama katuni mwaka 2022, ikiongozwa na Nora Twomey wa Ireland.

Filamu za kampuni ya DreamWorks zinazotokana na vitabu vya Cowell zilitoka mwaka 2010, 2014 na 2019, na toleo lenye waigizaji wa kweli lilifuata mwaka 2025. Filamu ya kwanza iliongozwa na Chris Sanders na Dean DeBlois, nayo inatofautiana sana na kitabu. Kibogoyo wa filamu ni mkubwa, mweusi na mwenye kasi, na hasemi. Hiccup anamwangusha kwa mtego alioutengeneza mwenyewe, kisha anashindwa kumuua. Kwa kuwa joka amepoteza sehemu ya mkia na hawezi kuruka, Hiccup anamtengenezea pezi la bandia. Mwishoni Hiccup mwenyewe anapoteza sehemu ya mguu wa kushoto na anaanza kutembea kwa mguu wa bandia. Filamu hiyo inawaonyesha marafiki wawili wenye ulemavu ambao kila mmoja anamkamilisha mwenzake, jambo lisilo la kawaida katika katuni za watoto.

Katika filamu ya Kijapani *Sen to Chihiro no Kamikakushi* ya Hayao Miyazaki (2001), inayojulikana kimataifa kama *Spirited Away*, mvulana Haku anaweza kugeuka joka mweupe. Kumbe ni roho ya mto ambao msichana Chihiro aliangukia alipokuwa mdogo. Mto huo umefukiwa na nyumba zimejengwa juu yake, na Haku amesahau jina lake. Chihiro analikumbuka, na kwa kumtajia anamweka huru.

## Uhusiano na masimulizi ya Kiswahili

Katika Afrika Mashariki neno *joka* limebeba kitisho kwa sababu mbili. Kwanza ni nyoka, tena mkubwa. Pili, katika Biblia ya Kiswahili joka wa Ufunuo sura ya 12 ni jina la Shetani mwenyewe. Msomaji aliyekua na maana hizo anaweza kushangaa kukuta joka akiwa rafiki wa mtoto. Inafaa kukumbuka kwamba neno moja la Kiswahili linatumika kwa viumbe wa mila tofauti, na kwamba joka wa mvua wa Uchina hana uhusiano na joka wa Ufunuo.

Masimulizi ya pwani yana hadithi inayokaribia mada hii kwa upande mwingine. Katika mkusanyiko wa Edward Steere uliokusanywa Unguja na kuchapishwa London mwaka 1870 mna kisa cha Sultani Darai. Maskini anayechakura jaani ananunua paa. Paa anazungumza, anampatia bwana wake mke wa kifalme, na anamuua nyoka mwenye vichwa saba ili bwana wake apate nyumba na mali. Kisha paa anaugua, na bwana wake aliyetajirika anamdharau mpaka anakufa. Mwishoni tajiri anaamka na kujikuta tena jaani. Hapa joka ni adui wa kuuawa kama ilivyokuwa Ulaya ya kale, lakini jaribio kubwa si la kumshinda nyoka. Ni jaribio la kumkumbuka mnyama aliyekusaidia, na binadamu analishindwa.

Methali inayosema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha inagusa wazo lililo karibu na hadithi hizi: kujuana hupunguza madhara. Tofauti ni kwamba methali haiahidi urafiki, bali nafuu tu, wakati hadithi za joka rafiki huchukulia kujuana kuwa mwanzo wa jambo kubwa zaidi.

## Mipaka ya ujumbe

Hadithi hizi si mafunzo ya kuishi na wanyama wakali. Joka wa vitabuni ana akili, kumbukumbu na mara nyingi lugha. Chatu na mamba hawana, na mtoto anayeishi kando ya mto au ziwa anapaswa kujihadhari nao kama wazazi wanavyomfundisha. Katika fasihi joka husimama badala ya kitu kingine: mgeni, jirani wa kabila au dini nyingine, mtu mwenye sifa mbaya aliyopewa na wengine, au nguvu ya asili inayopotea.

Kwa sababu hiyo hoja ya hadithi hizi haisemi kwamba kila anayeogopwa ni mwema. Karibu zote zina joka au binadamu mwovu kweli, kama Galbatorix wa Paolini au mwinda majoka wa Funke. Hoja yao ni nyembamba zaidi, kwamba hukumu itolewe baada ya kumwona na kumsikiliza anayehukumiwa. Katika hadithi ya Grahame mtu wa kwanza kufanya hivyo alikuwa mtoto wa mchungaji, aliyepanda mlima jioni kwenda kuzungumza na joka.